Mtoto naye anahitaji viza: tunayodanganyana kuhusu safari ya kwanza ya meli ya kitalii

Likizo ya Desemba ikikaribia, simu ya ofisi yetu ya kupanga safari hapa Posta, Dar, huita kwa swali lile lile, sauti tu ndiyo hubadilika. "Dada, tumeshalipia meli, mimi na mume wangu na watoto wawili. Sasa nasikia habari za viza. Kwani melini nako kuna viza?" Nikishaisikia hiyo "tumeshalipia" najua kazi iliyobaki si kupanga safari tena, ni kuokoa hela. Nawaandikia ambao bado hawajalipa.

"Meli iko baharini, viza ya nini?"

Meli ya kitalii haikai baharini. Inang'oa nanga jioni, inatembea usiku mnakoroma, asubuhi mnaamkia bandari ya nchi nyingine, na nchi hiyo ina uhamiaji wake kama ulivyo wetu pale JNIA, uwanja wa ndege wa Dar. Kampuni ya meli ikimfikisha abiria asiye na karatasi, inaweza kupigwa faini na kuubeba mzigo wa kumrudisha alikotoka. Ndiyo maana wanakagua kabla hujapanda, tena wanakagua haswa. Ukikosa viza ya bandari moja kati ya tano, unaachwa gatini na mabegi yako, na nauli hairudi.

Halafu kuna wale wajanja: "Sisi hapo hatutashuka, tutabaki ndani na watoto." Haisaidii. Kampuni nyingi zinataka uwe na karatasi za bandari zote zilizo kwenye ratiba, ushuke usishuke.

Nimejiuliza sana dhana hii inatoka wapi, na nadhani nimeipata: video za Wamarekani mtandaoni. Mama wa Florida anaonyesha alivyopanda meli na wanawe kwa cheti cha kuzaliwa tu, na hasemi uongo. Raia wa Marekani anayepanda meli kwenye bandari ya kwao, akazunguka Karibea na kurudi bandari ile ile, anaruhusiwa kusafiri bila pasipoti: mtu mzima kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha, mtoto wa chini ya miaka 16 kwa cheti cha kuzaliwa peke yake. Ni kanuni yao kwa raia wao. Cheti chako cha RITA, hata kiwe kipya kinanukia wino, hakiwezi kazi hiyo.

Sasa tuje Ulaya, ambako wateja wangu wengi ndiko wanakotaka kuanzia kwa sababu ya picha. Chukua meli inayotoka Piraeus, bandari ya Athens, ikapita visiwa vya Ugiriki, ikagusa Kuşadası nchini Uturuki, kisha ikarudi Piraeus. Kwa ndege umeingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki ikiwemo, mara ya kwanza. Meli ilipokwenda Uturuki umetoka. Unaporudi Piraeus unaingia mara ya pili, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imeshakwisha. Kwa hiyo unaomba viza ya kuingia mara nyingi, unaambatisha ratiba ya meli inayotaja bandari zote na tarehe zake, ili afisa aone mwenyewe kwa nini unaihitaji. Uturuki nayo uiulizie masharti yake yenyewe. Schengen haikufungulii mlango huo. Meli za Ghuba ni hadithi hiyo hiyo. Ukipandia Dubai, ikaenda Muscat au Doha na kurudi Dubai, unahitaji viza ya Emirati (Falme za Kiarabu, iliko Dubai) ya kuingia zaidi ya mara moja.

Na watoto? "Dada, ana miezi minane tu, bado ananyonya." Ananyonya, lakini ni msafiri. Kila mtoto ana pasipoti yake na viza yake. Ubaya haupo kwenye ada, maana hapo Schengen inawahurumia: tangu Juni 2024 mtu mzima analipa euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45, wa chini ya miaka 6 halipi. Baba, mama, mtoto wa miaka 8 na wa miaka 4, jumla euro 225, bila kuhesabu gharama za kituo kinachopokea maombi. Walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Kinachowakwamisha watu ni ridhaa. Mtoto wa chini ya miaka 18 anatakiwa awe na ridhaa ya wazazi wote wawili. Akisafiri na mmoja, mwenzake anaandika barua na kuithibitisha kwa wakili. Kauli ya "baba yake hana neno, yuko Mwanza" si karatasi. Kama hana neno, aandike. Barua hiyo hiyo mtaidaiwa na kampuni ya meli, na pengine na afisa wa uhamiaji huko muendako, basi tengenezeni nakala kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Angalieni na majina. Cheti cha kuzaliwa kina "Mohamed", pasipoti ina "Mohammed", tiketi ina jina la babu ambalo halipo popote. Rekebisheni mkiwa bado Dar. Pasipoti nayo iwe na angalau miezi sita ya uhai baada ya tarehe ya kurudi.

Kisha kalenda, ambayo ndiyo hasa inayomaliza watu. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Wakati huo huo kampuni za meli hutaka malipo yote yawe yamekamilika mapema, nyingi kati ya siku 60 na 120 kabla ya kuondoka, na baada ya hapo kujitoa kuna makato yanayopanda kadiri tarehe ya kuondoka inavyokaribia. Ukichelewa kuomba, siku ya kumaliza malipo inafika na jibu la ubalozi bado. Unalipa mamilioni kwa kubahatisha.

Kwa hiyo mimi nina utaratibu mmoja, na wanaonijua wameshaukariri: kwanza karatasi, pili njia, tatu meli. Wengi wanaanza na meli kwa sababu ina bwawa lenye mtelezo wa maji.

Na kama ni mara ya kwanza na watoto ni wadogo, nitakusukumia Durban mpaka uchoke kunisikia. Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi ya hadi siku 90, na Msumbiji nako haombi kwa matembezi mafupi ya hadi siku 30. Kwa miaka mingi meli za kampuni ya MSC zimekuwa zikifanya msimu huko, takriban Novemba hadi Aprili, nyingi zikiwa safari fupi za siku tatu au nne kwenda pwani ya Msumbiji na kurudi. Ulizia ratiba ya msimu wenyewe kabla hujawaambia watoto. Siku tatu zinatosha kujua kama familia yako ni ya meli au si ya meli. Wapo wanaoniona kama nawapunguzia hadhi nikiwatajia Durban badala ya Barcelona. Sawa. Barcelona haihami.

Cheti cha homa ya manjano kibebeni hata kama hamna uhakika kitaulizwa. Kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na chanjo kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9. Mwenye kichanga aanzie kwa daktari wa watoto, asianzie kwangu.

"Alitapika kwenye boti ya Zanzibar, melini si atakufa?"

Boti ya kasi ya kwenda Unguja ni nyepesi, inakimbia juu ya mawimbi, na kipindi cha kusi kikipamba moto hata baharia wa zamani anatafuta mfuko. Meli ya kitalii ina urefu wa mita 300 hivi, uzito wa makumi ya maelfu ya tani, na mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba. Ni bodaboda na mwendokasi kwenye matuta yale yale. Sisemi haitikisiki, bahari ikichafuka utaisikia. Lakini ya boti si kipimo.

Watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kuchafukwa na safari. Wanaosumbuka zaidi ni wa miaka 2 hadi 12. Chukua chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, na tableti izimwe meli ikianza kucheza. Dawa ni za kuuliza kwa mfamasia ukiwa na umri wa mtoto mkononi. Ile sharubati ya promethazini ambayo kila nyumba inayo kabatini haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, inaweza kumzuia kupumua. Na tafadhali msiwape ili walale tu.

"Watoto ni bure, na kila kitu kimo kwenye bei"

Tangazo la "watoto bure" huwa na maana ya nauli tu. Kodi za bandari mtoto analipiwa. Bakshishi ya wahudumu hukatwa kwa kila mtu kwa kila siku, na kwenye kampuni nyingi za Kimarekani ni kati ya dola 16 na 20, mara nyingi hata kwa watoto. Soda, intaneti na matembezi ya bandarini vina bei zake. Chakula cha ukumbi mkuu kimo, na kipo kingi. Anayekula halali aandike ombi wakati wa kulipia, asisubiri kumuuliza mhudumu mezani siku ya pili.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapandi kabisa kwenye kampuni nyingi, na kwa safari za kuvuka bahari kuu anatakiwa awe ametimiza miezi 12. Mama mjamzito atakayefika wiki ya 24 kabla safari haijaisha naye hapandi. Na kila mwaka kuna anayedhani tumbo halitaonekana.

"Kuna klabu ya watoto, nitamwacha nikapumzike"

Klabu za bure kwa kawaida huanzia miaka 3, tena kwa mtoto aliyekwisha kuacha nepi. Wa miaka miwili utakuwa naye wewe. Nepi hiyo hiyo inamfungia mabwawa makubwa, hata ile ya kuogelea. Baadhi ya meli zina sehemu ndogo ya maji kwa wachanga, uliza kabla. Pampasi na maziwa beba ya safari nzima.

"Daktari si yupo melini?"

Yupo, na bili inakuja kwa dola. Kadi ya bima ya afya ya NHIF haitambuliki huko. Kata bima ya safari inayotaja meli na usafirishaji wa dharura kwa jina. Schengen yenyewe inataka bima ya angalau euro 30,000, kwa hiyo kwa Ulaya hamna mjadala.

"Tutaruka asubuhi, jioni tunapanda"

Hapana. Fikeni siku moja kabla. Upokeaji wa abiria hufungwa kama saa moja au saa moja na nusu kabla ya kuondoka, na ndege ikichelewa Addis au Nairobi hamna wa kumpigia simu. Mliokata tiketi ya bei nafuu yenye kuunganisha mara mbili, mnanielewa.

"Bibi amekataa, anasema meli zinazama"

Hapa sibishani kwa kejeli. Nchi iliyopita MV Bukoba mwaka 1996 na Spice Islander mwaka 2011 ina haki ya kuogopa. Mwambieni bibi kwamba kanuni za kimataifa zinataka idadi ya watu ijulikane kabla ya kuondoka na kila mtu awe na nafasi kwenye chombo cha kuokolea. Mazoezi ya dharura hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu baada ya hapo. Baada ya ajali ya Costa Concordia, meli ya kitalii iliyopinduka Italia mwaka 2012, hilo lilikazwa zaidi. Meli nyingi huwavisha watoto bangili yenye namba ya kituo chao cha kukusanyikia wakati wa dharura, na wanayo maboya ya saizi yao. Siku ya kwanza ulizeni hayo maboya yako wapi, msisubiri kuletewa.

Kibaraza cha chumba nacho kinawatisha wengi bila sababu. Uzio wake hufika mtu mzima juu ya kiuno, na mtoto hapenyi. Hatari ni kiti kinachoachwa karibu na uzio, anachoweza kukipanda. Viti vilale ndani, na mlango wa kibaraza ufungwe kwa komeo la juu hata mkiingia kuoga tu.