Hesabu ya mstari: kwa nini bango la sarakasi la Marekani lina fonti kumi

Tangazo la tamasha likitakiwa liwe na sura ya Marekani ya zamani, mbunifu wa leo hupakua fonti kumi zenye mikia na vivuli, akazimwaga ukurasani, akamalizia kwa kupaka rangi ya chai. Matokeo hayafanani na bango halisi la mwaka 1850 wala la 1880, na chai haina kosa. Kosa ni kwamba fonti zimechaguliwa kwa kupendeza macho tu. Mpanga herufi wa New York au Cincinnati hakuwa na uhuru huo. Fonti zake ziliamuliwa na upana wa karatasi, urefu wa neno, na idadi ya herufi zilizokuwa kwenye droo asubuhi hiyo.

Tuanze na mstari wenyewe. Karatasi iliyozoeleka kwa mabango ya maonyesho ilikuwa ya inchi 28 kwa 42, yaani kama sentimita 71 kwa 107. Ondoa ukingo pande zote mbili, unabaki na mstari wa sentimita 66. Mteja anataka neno CIRCUS lijaze mstari huo. Ni herufi sita, lakini I ni nyembamba, huchukua kama nusu ya nafasi ya mwenzake. Kwa hiyo gawa 66 kwa tano na nusu: kila herufi inapata sentimita 12. Mstari wa pili ni MENAGERIE, maonyesho ya wanyama. Hapo zipo herufi tisa, M ni pana na I ni nyembamba, kila moja inabaki na sentimita saba na nusu hivi. Kompyuta ingelibana neno hilo mpaka litoshe. Kipande cha mbao hakibanwi. Mpanga herufi anayetaka mistari miwili iwe na kimo kimoja analazimika kufungua droo nyingine, yenye fonti iliyochongwa nyembamba tangu mwanzo. Hiyo fonti ya pili haikutafutwa ili kuremba. Imeletwa na hesabu ya kugawanya.

Vipi kuhusu AND? Herufi tatu kwa sentimita 66 ni sentimita 22 kila moja, jambo la kuchekesha. Ndiyo maana vineno kama AND, OF na THE viliuzwa vikiwa vimechongwa kwenye kipande kimoja, mara nyingi kwa mshazari au kwa mapambo. Vinawekwa katikati ya mstari na mistari ya urembo huku na huku ili nafasi ijae. Ukiliona bango la kuiga ambalo AND yake imepangwa herufi moja moja kwa ukubwa uleule wa mistari mikuu, jua aliyelipanga hajawahi kushika mbao.

Halafu kuna uhaba. Herufi za mbao ziliuzwa kwa seti, na seti ilitajwa kwa idadi ya A zake: seti ya A tatu, ya A tano, na kuendelea. Matbaa ndogo ilinunua seti ndogo. Sasa jaribu kuandika SEE THE ELEPHANT katika mstari mmoja: unahitaji E tano. Kama droo ina E nne, lazima neno moja lihamie fonti nyingine. Mpangaji mvivu, au mwenye haraka, aliazima E moja kutoka fonti ya jirani yenye kimo sawa akaipachika akitumaini hakuna atakayeona. Herufi hizo za kuazima zipo kwenye mabango mengi yaliyohifadhiwa, na kwangu mimi ndizo zinazofurahisha kuzitafuta.

Mbao zilishinda kwa sababu risasi, ile metali iliyomiminwa kutengeneza herufi za kawaida, ilishindwa na ukubwa. Herufi kubwa ya risasi ni nzito, ghali, na inapopoa baada ya kumiminwa uso wake hudidimia katikati, kwa hiyo haishiki wino sawasawa. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kutumia rauta, mashine yenye ncha ya kukata inayozunguka, kuchonga herufi za mbao kwa wingi, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake ya kwanza. Mwaka 1834 William Leavenworth aliunganisha rauta na pantografu, yaani mikono ya kunakilia: unafuata mchoro mkubwa kwa ncha moja, na ncha ya kukata inarudia umbo lilelile kwa ukubwa unaoutaka. Kuanzia hapo mchoro mmoja ulizaa saizi nyingi, na nyembamba na pana zake.

Mbao iliyopendwa ni mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Gogo lilikatwa kwa kulipitisha msumeno kimkingamo, kama mtu anayekata ndizi, ili uso wa kuchapia uwe upande wa miisho ya nyuzi. Uso huo hauchaniki rauta inapokata kona kali, na hustahimili kubanwa maelfu ya mara. Vipande viliachwa vikauke muda mrefu, hata miaka miwili, kisha vikasuguliwa hadi unene, kutoka chini hadi uso wa kuchapia, uwe inchi 0.918, milimita 23.3 hivi, sawa na herufi za risasi, ili vikae pamoja kwenye fremu moja. Saizi ya herufi usoni ilihesabiwa kwa laini, na laini moja ni kama milimita 4.2. Herufi ya laini 10 ina kimo cha sentimita 4.2.

Mwaka 1880 J. E. Hamilton wa Two Rivers, Wisconsin, alikuja na njia ya bei nafuu: umbo la herufi linakatwa kwenye ubao mwembamba kisha linagundishwa juu ya kipande cha mbao laini. Biashara yake ilikua hadi ikawameza washindani, akiwemo William Page wa Connecticut, ambaye katalogi yake ya mwaka 1874 ya herufi za rangi mbili na tatu zinazochapwa moja juu ya nyingine haijapata mpinzani kwa uzuri. Hayo ni maoni yangu, na siyabadilishi.

Adui wa herufi za mbao ni maji. Ukiziosha kwa maji zinavimba, zikikauka zinapinda, na herufi iliyopinda huchapa kingo mbili huku katikati ikiacha weupe. Zinafutwa kwa kitambaa chenye mafuta. Adui wa pili ni umaarufu. S na E hutumika kila siku, Q na X hukaa droo mwaka mzima. Baada ya miaka michache E imelika nywele chache chini ya wenzake na inachapa hafifu. Dawa yake ni karatasi: unachana kipande chembamba, unakibandika chini ya kipande cha mbao, unajaribu tena, unaongeza kingine. Kwenye bango lenye mistari 15, kazi hii ya kusawazisha ilikula muda kuliko kupanga maneno. Anayeharakisha huongeza shinikizo la mashine badala ya karatasi, na hapo herufi nzima zinatoboa karatasi huku zilizolika bado ziko hafifu.

Kwenye mashine ya mkono ya aina ya Washington, iliyotengenezwa na kampuni ya R. Hoe, watu wawili waliweza kutoa karatasi 200 hadi 250 kwa saa: mmoja anapaka wino, mwingine anaweka karatasi na kuvuta mkono. Karatasi ililoweshwa kidogo usiku uliotangulia ili ilainike na kupokea wino. Kwa rangi moja hakuna shida. Kwa rangi mbili shida huanza, kwa sababu karatasi yenye unyevu hutanuka na ikikauka husinyaa. Ukichapa nyeusi Jumatatu na nyekundu Jumatano bila kurudisha unyevu uleule, nyekundu itakaa pembeni ya nafasi yake. Njia ya mkato ya kupata rangi nyingi kwa mchapo mmoja ilikuwa kupanga wino wa bluu, nyekundu na njano bega kwa bega chini ya rola moja. Karatasi za mwanzo hutoka na upinde wa mvua safi. Wino huendelea kuchanganyika, na za mwisho hutoka na rangi ya tope. Mwenye bango la aina hii anaweza kukisia kama lilitoka mapema au mwishoni mwa kazi.

Picha kubwa za tembo na wanasarakasi zilitoka kwenye mawe. Litografia, iliyobuniwa Bavaria mwishoni mwa karne ya 18, haitumii uso ulioinuka bali uadui wa mafuta na maji. Jiwe la chokaa husuguliwa kwa mchanga, mchoraji huchora kinyumenyume kwa kalamu ya mafuta, kisha jiwe hupakwa gundi ya migunga iliyochanganywa na asidi kidogo. Likiloweshwa, sehemu tupu hunywa maji na kukataa wino, michoro hukataa maji na kupokea wino. Kila rangi ina jiwe lake, na kwa kawaida njano na rangi nyepesi hutangulia, nzito hufuata. Mawe manane au kumi kwa picha moja halikuwa jambo la ajabu. Kampuni ya Strobridge ya Cincinnati na Courier ya Buffalo ziliishi kwa kazi za sarakasi, na P. T. Barnum, mwenye sarakasi, alikuwa mteja wa kupendwa. Mwaka 1882 alipomleta kutoka London tembo Jumbo, mabango yalimchora mkubwa kuliko alivyokuwa. (Jina hilo mara nyingi huhusishwa na "jambo" au "jumbe" letu, ingawa tembo mwenyewe alitoka huko mpakani mwa Sudan na Uhabeshi.)

Picha ya mawe kumi haiwezi kuchorwa upya kwa kila mji. Kwa hiyo picha ilichapwa maelfu bila tarehe, na jina la mji na siku vikachapwa kwa herufi za mbao kwenye ukanda wa karatasi wa pekee, ukabandikwa chini ya picha. Ukanda huo ulikuwa wa kwanza kupotea, na ndiyo sababu mabango mengi mazuri ya sarakasi hayana tarehe.

Maduka ya mjini yalitumia ujanja uleule kwa udogo. Kadi za biashara, zilizoshika kasi baada ya Maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, zilikuwa na picha ya rangi mbele, mtoto na paka au shada la maua, na nafasi tupu. Muuza viatu alinunua mia kadhaa, akapeleka kwa mpigachapa wa mtaani jina la duka likaongezwa kwa wino mweusi. Ndiyo maana paka yuleyule anatangaza majiko mji huu na dawa za kikohozi mji wa pili. Ukitaka kujua historia ya duka, achana na paka, soma wino mweusi. Watoto walizibandika kwenye albamu kwa gundi, na tangazo refu la nyuma likaishia kwenye ukurasa wa albamu. Usiziloweshe maji ili kuzibandua. Nyingi zina tabaka la kung'arisha linaloyeyuka na kuondoka na rangi.

Ubandikaji wenyewe ulikuwa kazi ya kikosi kilichotangulia sarakasi kwa wiki kadhaa, kikisafiri na behewa lake la treni lenye bwela la kupikia gundi. Gundi ni ileile ya unga wa ngano tuliyoijua shuleni: sehemu moja ya unga, koroga na maji baridi mpaka madonge yaishe, ongeza maji ya moto hadi jumla iwe sehemu nne au tano, pika mpaka uji uwe na mng'ao. Shabu kidogo huzuia ukungu. Mpakaji wa gundi anaipiga ukutani, anabandika, anapiga tena juu ya karatasi. Karatasi ikibandikwa kabla haijalainika hutanukia ukutani na kutoa malengelenge. Wenye maduka walioruhusu picha dirishani walipewa tiketi za bure, na baadaye mkaguzi alipita kuona kama picha bado ipo; kama imetolewa, tiketi zilifutwa.

Kuhusu kutambua halisi na nakala, mimi huanza na lenzi ya mara 10. Ukiona vitone vilivyopangwa kama wavu ulionyooka, mara nyingi hiyo ni picha iliyopigwa na kuchapwa upya baadaye. Vitone vya litografia kwa kawaida viliwekwa kwa mkono, havina mpangilio wa wavu. Herufi za mbao huacha ukingo mweusi zaidi pale wino ulipobanwa kwenda pembeni, na ukipapasa mgongo wa karatasi utahisi mbonyeo. Tazama pia makovu: R yenye pengo mguuni ikionekana kwenye mabango mawili, mabango hayo huenda yametoka droo moja, hata kama moja halina jina la matbaa.

Mwaka mara nyingi haukuandikwa, kwa kuwa msomaji wa wakati ule aliujua. Siku ya juma iliandikwa, na hiyo inatosha kuanza. Kati ya 1850 na 1880, Ijumaa tarehe 14 Aprili inaangukia miaka ya 1854, 1865, 1871 na 1876. Kisha chukua anwani ya mpigachapa iliyo kwenye mstari mdogo wa chini kabisa, uilinganishe na vitabu vya anwani za jiji vilivyotolewa mwaka hadi mwaka. Matbaa zilihama mara kwa mara, kwa hiyo kwa kawaida unabaki na mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba wauzaji hupenda kukata ukingo wa chini ili bango liingie kwenye fremu, na ule mstari mdogo hukatwa pamoja nao.