Je, wajua kwa nini biva wa mbao alitoka ghala la New York akarudi Alaska?

Biva ni mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa na meno ya kuangushia miti. Wachongaji wa Kitlingit, wenyeji wa kusini-mashariki mwa Alaska, humwonyesha kwa meno mawili makubwa ya mbele na mkia uliochanjwa mistari ya kukatizana. Mwaka 1999 wazee wa Kitlingit walikuwa wakikagua vitu vya kwao katika ghala la American Museum of Natural History, New York, wakamkuta mmoja. Walimjua. Ndiye aliyekaa kwenye omo, yaani ncha ya mbele, ya mtumbwi uliookoa kijiji chao cha Angoon.

Mwaka 1882 mganga wao alifariki kwa ajali akiwa kazini kwenye chombo cha kuvulia nyangumi. Kwa desturi, watu wa Angoon wakadai fidia: mablanketi 200. Jeshi la Majini la Marekani likageuza kesi, likawatoza wao faini ya mablanketi 400. Iliposhindikana kuyatimiza yote, tarehe 26 Oktoba lilipiga kijiji kwa mizinga, likachoma nyumba, mitumbwi na akiba ya chakula. Watoto sita walikufa kwa moshi, na majira ya baridi yalikuwa yamebisha hodi.

Mtumbwi mmoja ulinusurika kwa kuwa ulikuwa safarini. Kwa huo waliobaki walitafuta chakula na kuni, wakavuka msimu ule wa njaa. Ulipozeeka na kupasuka, waliuchoma kwa heshima, kama walivyochoma maiti za wapendwa wao. Biva wa omoni akapotea.

Hapo ndipo lilipo jibu. Watlingit wana neno at.óow: mali ya ukoo iliyopatikana kwa gharama ya wahenga, hata kwa uhai wao. Biva ni alama ya ukoo wa Deisheetaan. Kitu cha namna hiyo hakina mwenye mmoja, kwa hiyo hakuna mtu mmoja mwenye haki ya kukiuza, hata kama kiko mikononi mwake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ililitambua hilo, ikazitaka makumbusho zinazopokea fedha za serikali kuu zirudishe mali kama hizo. Kwa njia hiyo biva alirejeshwa Angoon.

Jeshi la Majini nalo lilikuja Angoon kuomba radhi, tarehe 26 Oktoba 2024. Biva alikuwa amekwisha kufika nyumbani miaka 25 kabla.