Pua nyekundu ya Yesu: dhana potofu kuhusu sanaa ya pop ya Ufilipino

Nje ya Ufilipino, jina la msanii Mideo Cruz hutajwa kwa jambo moja tu: zogo la mwaka 2011 mjini Manila juu ya kazi yake ya sanaa, *Poleteismo*. Wengi wanaoisimulia hawajui ndani yake mlikuwa na nini, ndiyo maana simulizi zimejaa makosa yaleyale.

Dhana: Wafilipino wamemwiga Andy Warhol, Mmarekani aliyevuma kwa sanaa ya pop, yaani sanaa ya picha za matangazo, katuni na vitu vya dukani, wakamwongeza Yesu.

Kuchanganya utakatifu na vitu vya dukani kulianza Ufilipino kabla Warhol hajazaliwa. Mwaka 1521 Magellan, baharia aliyekuja kwa niaba ya Uhispania, alimzawadia malkia wa Cebu sanamu ya Mtoto Yesu, Santo Niño, ambayo hadi leo imo katika basilika ya mji huo. Nakala zake zimejaa majumbani, na waumini wenyewe huzivisha wapendavyo: huyu sare ya polisi, yule nguo za mvuvi, na wa dukani kanzu ya kijani ili biashara ichangamke. Hakuna anayeita hayo matusi. Mwaka 1898 Mhispania aliondoka, akaingia Mmarekani na sinema, katuni na matangazo yake, akakaa hadi 1946. Wafilipino wana utani wao kuhusu historia hiyo: miaka mia tatu kwenye nyumba ya watawa, hamsini Hollywood. Tazama jeepney, zile gari za abiria zilizotokana na jeep za jeshi la Marekani baada ya vita: ubavuni Bikira Maria, pembeni yake shujaa wa katuni. Msanii wa pop wa Manila hana haja ya kwenda New York kutafuta mchanganyiko. Mchanganyiko wenyewe humpita barabarani kila siku.

Dhana: *Poleteismo* ni sanamu moja ya kumkejeli Yesu.

Si sanamu moja. Ni kuta zilizobandikwa picha tangu chini hadi juu: watakatifu, kalenda, mabango ya wanasiasa, watu maarufu, katuni. Mbele ya kuta hizo kuna vitu vya kusimamisha. Jina lenyewe linahusu kuabudu miungu mingi, na swali lake ni rahisi: katika ukuta wa nyumba ya kawaida, ambapo Yesu, mgombea ubunge na nyota wa sinema wamepigiliwa misumari mstari mmoja, anayeabudiwa ni nani?

Kolaji ya namna hii, yaani picha nyingi zilizobandikwa pamoja, huishi kwa ujirani. Picha ya mwanasiasa peke yake ni bango la kampeni. Ukiibandika bega kwa bega na mtakatifu, mkono ule ule ulioinuliwa kupunga unageuka baraka. Kwa mbali macho huona rangi tu, kama duka la kalenda mwezi Desemba. Lazima usogee ndipo uanze kusoma nani yuko karibu na nani. Kwa hiyo kazi hii huharibika vibaya mno ikipigwa picha ya karibu. Kamera za televisheni zilichukua Kristo Mfalme mwenye pua nyekundu na masikio ya kikatuni, zikachukua umbo la uume lililobandikwa kwenye taswira ya Yesu, zikaacha ukuta. Jirani akiondolewa, kinachobaki ni tusi.

Tuseme ukweli lakini: ule uume ndio sehemu dhaifu ya kazi. Unapiga kelele kiasi kwamba majirani zake hawasikiki. Kondomu zilizomo zina hoja yenye nguvu zaidi, kwa kuwa wakati huo maaskofu na serikali walikuwa wanavutana juu ya muswada wa afya ya uzazi, uliokuja kupitishwa Desemba 2012.

Dhana: Aliitengeneza mwaka 2011 kutafuta kiki.

*Poleteismo* ilianza kuonyeshwa mwaka 2002, na ilipita hata Ateneo de Manila, chuo kikuu cha Wajesuti, bila mtafaruku. Kilichobadilika ni mahali na wakati. Mwaka 2011 iliingia Kituo cha Utamaduni cha Ufilipino, jengo la umma lililofunguliwa 1969 kwa msukumo wa Imelda Marcos, mke wa rais wa wakati huo, ndani ya onyesho la pamoja lililoitwa *Kulo*, lenye wasanii 32, katika mwaka wa kuadhimisha miaka 150 tangu kuzaliwa kwa José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa. Pesa za umma, muswada bungeni, kamera za habari: hapo ndipo moto ulipowaka. Imelda mwenyewe alikwenda kutazama, akachukizwa.

Dhana: Waliondoa kazi moja tu.

Onyesho zima lilifungwa mwezi Agosti, baada ya vitisho na jaribio la kuiharibu kazi hiyo. Wasanii wengine 31 walipoteza nafasi yao, na mkuu wa idara ya sanaa za kuona alijiuzulu.

Dhana: Sheria ya Ufilipino inakataza kugusa taswira takatifu.

Kifungu cha 133 cha sheria ya jinai kinaadhibu kuudhi hisia za waumini, lakini kina sharti: kitendo kifanyike mahali pa ibada au wakati wa ibada. Jumba la sanaa si kanisa. Carlos Celdran, mwongoza watalii na mwanaharakati, alinaswa na kifungu hichohicho kwa sababu mwaka 2010 aliingia Kanisa Kuu la Manila akiwa amevaa kama Rizal, akainua bango lenye neno moja, DAMASO, jina la padre mwovu katika riwaya ya Rizal. Mfilipino yeyote aliyepita shule anamjua padre huyo. Alihukumiwa, na Mahakama ya Juu kabisa ikathibitisha hukumu mwaka 2018.

Dhana: Pop ni kazi ya mashine, ya bei poa.

Kuhusu bei, mchoro *Grayground* wa Ronald Ventura, anayechora miili kwa uhalisia mkali kisha kuitandikia katuni juu, uliuzwa mnadani Hong Kong mwaka 2011 kwa dola za Hong Kong milioni 8.42.

Kuhusu mkono, mtazame Pacita Abad, aliyezaliwa Batanes mwaka 1946. Njia yake iliitwa trapunto: unapaka turubai rangi, unaiwekea kitambaa mgongoni, katikati unajaza pamba, halafu unashona kwa mkono kufuata mistari ya mchoro hadi sura itune. Uzi ukivutwa kupita kiasi turubai hujikunja pembezoni. Ukilegea, ujazo huhama na shavu hubonyea. Mwishoni huja vifungo na vioo. Kitu hicho hakipigiliwi kwenye fremu, hutundikwa kama pazia. Kwa njia hiyo mwaka 1992 alitengeneza *L.A. Liberty*: Sanamu ya Uhuru ya Marekani, ila mwanamke ni wa rangi ya kahawia na joho lake lina viraka vya kila rangi. Na kwenye jina kaandika L.A., yaani Los Angeles, upande wa Pasifiki wanakoingilia Waasia, si New York iliko sanamu hiyo.