Rangi yenye risasi: maswali ya wenye nyumba za zamani Marekani

Nyumba niliyonunua ili nipangishe ilijengwa 1950. Ina risasi?
Ichukulie kuwa inayo mpaka ipimwe. Risasi hapa ni metali yenye sumu (lead) iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978. Mkaguzi mwenye leseni huipima ukutani kwa mashine, bila kubandua kitu.

Rangi imebanduka kidogo tu dirishani. Niikwangue kwa msasa nipake mpya?
Hapana. Tafadhali, usikwangue rangi kavu. Ukiipiga msasa unaigeuza vumbi, na vumbi hilo hutua sakafuni anapotambaa mtoto. Anashika, anatia mkono mdomoni, basi. Usitumie mashine ya msasa, usitumie moto. “Ni kona moja tu” ndiyo kauli ninayoisikia kila mara kwa watu ambao mtoto wao keshakutwa na risasi kwenye damu. Tangu 2010 sheria inataka kazi ya namna hii katika nyumba za kupangisha ifanywe na mwenye cheti cha kushughulikia rangi yenye risasi, hata kama fundi ni wewe mwenye nyumba. Marekebisho madogo sana yamesamehewa cheti, lakini vumbi lake halijapungua sumu.

Kwa hiyo nibomoe kila kitu?
Si lazima. Anza na madirisha ya kupandisha na kushusha: kila yakifunguliwa mbao husuguana na kumwaga vumbi. Hayo yabadilishe. Ukuta ulio imara unaweza kufunikwa kwa mbao za jasi au rangi maalumu ya kuziba. Kazi ikiisha, vumbi lipimwe maabara kabla wapangaji hawajarudi.

Mtoto wa mpangaji anacheza vizuri. Tusubiri dalili?
Msisubiri! Wengi hawaonyeshi dalili yoyote, huku ubongo unaathirika. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kipimo cha damu ndicho kinachosema. Kuanzia maikrogramu 3.5 kwa desilita, anahitaji kufuatiliwa. Mkingoja aumwe tumbo au achelewe kuongea, mmechelewa, na madhara hayo hayafutiki yote.

Nikimwambia mpangaji, si atahama?
Huenda. Lakini sheria inakutaka umweleze risasi unayoijua kabla hajasaini mkataba. Mpe ripoti ya ukaguzi, na umwambie ampeleke mtoto kupimwa damu wiki hii, hata kama anakimbia uani.