Athanasius wa Aleksandria: yanayosemwa na yaliyotokea

“Ndiye askofu aliyemshinda Arius kule Nikea.” Arius alikuwa padre wa Aleksandria, Misri, aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa; mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea ulimhukumu mwaka 325. Mwaka huo Athanasius alikuwa shemasi, aliyekwenda Nikea kumhudumia askofu wake, Alexander. Waliopitisha uamuzi ni maaskofu. Yeye aliwekwa askofu mwaka 328. Wengine husema pia kwamba mtaguso ule ulichagua vitabu vya Biblia. Haukuchagua: ulitoa ungamo la imani na kanuni 20, ukashughulikia pia tarehe ya Pasaka na farakano la Wameliti wa Misri, Wakristo waliojitenga na askofu wa Aleksandria. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya imo katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367.

“Alipelekwa uhamishoni kwa ajili ya imani tu.” Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mashtaka aliyosomewa katika mtaguso wa Tiro mwaka 335 yalikuwa ya jinai: kwamba padre wake Macarius alivunja kikombe cha ibada cha Ischyras, mtu aliyejiita padre, kwamba Wameliti walipigwa, na kwamba alimuua askofu Arsenius akamkata mkono. Arsenius alipatikana hai, shtaka hilo likaanguka. La kikombe likabaki. Wajumbe wakatumwa Mareotis, wilaya iliyo karibu na Aleksandria, kuchunguza, naye akahukumiwa. Alikwenda Konstantinopoli kumlilia Kaisari Constantine, na huko wapinzani wakaleta jambo jipya: ametishia kuzuia meli za ngano kutoka Aleksandria. Konstantinopoli iliishi kwa ngano ya Misri. Akapelekwa uhamishoni Trier, mji wa mbali magharibi mwa dola.

Je, habari ya kupigwa Wameliti ilitungwa? Ipo barua ya mafunjo ya mwaka huohuo, ya Mmeliti mmoja, inayosimulia jinsi wafuasi wa Athanasius, pamoja na askari, walivyowavamia ndugu zake. Ni ushahidi wa upande mmoja, lakini ni barua ya ndugu kwa ndugu, haikuandikwa kwa ajili ya mahakama. Hata anayemheshimu Athanasius, nasi tunamheshimu, lazima aipime kwa haki.

“Baada ya Nikea ugomvi ulikwisha.” Alihamishwa mara 5 chini ya makaisari 4, jumla ya miaka kama 17. Usiku mmoja wa Februari 356 askari waliingia katika kanisa la Theonas watu wakiwa kwenye mkesha. Alitoroka, akafichwa na watawa wa jangwani. Kaisari Constantius aliandika hadi Aksum, Ethiopia, akitaka askofu Frumentius, aliyewekwa na Athanasius, arudishwe Aleksandria akahojiwe imani yake.

“Aliandika Ungamo la Athanasius.” Ungamo hilo lilitungwa kwa Kilatini baada ya kifo chake. Yeye aliandika kwa Kigiriki.