Je, wajua? Plagini uliyoifuta bado inaweza kuilemea saiti yako

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nimefuta plagini kibao kwenye WordPress, mbona saiti bado nzito?" (WordPress ni programu ya kutengenezea na kuendeshea saiti, na plagini ni vijiprogramu vya nyongeza unavyoipachika.) Kwa miaka kadhaa nilikuwa nalijibu vibaya, nawaambia watu endeleeni kufuta, bado ziko nyingi. Niliamini kabisa kwamba uzito wa saiti ni hesabu ya plagini, mwenye 30 lazima awe mzito kuliko mwenye 10, na kwamba hata zile ulizozima zinakula nguvu ya seva, si bado unaziona pale kwenye orodha.

Yote mawili si kweli, na nianze na hili la zilizozimwa maana watu wengi wanalo mpaka leo. Plagini iliyozimwa haifanyi kitu. Kila mtu anapofungua ukurasa, WordPress inaingia kwenye databesi, yaani ghala la taarifa za saiti, inasoma orodha moja inayoitwa active_plugins, halafu inaita faili la kila plagini iliyotajwa humo, basi. Isiyotajwa haiitwi, faili zake zimelala tu kwenye diski kama picha uliyopiga mwaka juzi ukaisahau. Sababu nzuri ya kuifuta ipo, ila ni ya usalama: faili likiwa na tundu, mtu anaweza kulifikia moja kwa moja kwa anwani yake hata kama plagini imezimwa. Spidi haihusiki hapo.

Na hilo la idadi, jamani, plagini 10 zenye kazi ndogondogo, hii inaongeza kitufe, ile inabadilisha rangi ya kichwa cha habari, zote kwa pamoja zinaweza zisifikie hata robo ya usumbufu wa plagini moja ambayo kila ukurasa ukifunguliwa inapiga hodi kwenye seva ya mbali na kusubiri ijibiwe. Nimeshaona saiti ya plagini 40 inafunguka chapchap na ya plagini 6 inazunguka tu.

Kilichonifungua macho ni saiti ya rafiki yangu. Tulifuta mpaka tukabaki na plagini 7 kutoka 31 na hakuna kilichobadilika. Ikabidi niingie kwenye databesi, nikafungua jedwali la wp_options, ambamo setingi za saiti na za plagini zinahifadhiwa mstari kwa mstari, nikapanga mistari kwa ukubwa. Juu kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa zaidi ya MB 2, jina lake linaanza na herufi za plagini ya slaida (picha zinazopokezana) iliyofutwa zamani, na ndani ni kumbukumbu za makosa tupu, tarehe na saa, picha haikupatikana, tarehe na saa, picha haikupatikana, unashuka mpaka kidole kinachoka. Pembeni, kwenye safu ya autoload, imeandikwa yes.

Hiyo yes ndiyo habari yenyewe. Chukulia mwalimu ambaye kila akiingia darasani lazima abebe madaftari yote ya wanafunzi, kwa sababu hajui leo atamwita nani, na kurudi ofisini kufuata daftari moja moja kungempotezea muda zaidi. Madaftari yakiwa membamba huo ni utaratibu mzuri sana. Sasa mwanafunzi anahama, jina lake linakatwa kwenye rejista, akiitwa mahudhurio hayumo, lakini daftari lake hakuna aliyelitoa kwenye mkoba, na mwalimu anaendelea kulibeba kila kipindi, mwaka wa kwanza, wa pili, na daftari lenyewe ni lile nene kuliko yote. Ukihesabu wanafunzi utaona darasa limepungua, ila mkoba uko vilevile.

WordPress inafanya hivyohivyo. Kabla ukurasa haujaanza kutengenezwa inabeba kwa mkupuo mmoja setingi zote zenye alama ya autoload, na kila ombi jipya kazi inaanza upya. Wenye kashe ya Memcached, ile programu inayoweka data kwenye memori ili databesi isiulizwe kila mara, wana shida ya ziada, maana setingi zote hizo zinahifadhiwa kama kitu kimoja na Memcached kwa kawaida haipokei kitu kinachozidi MB 1, kwa hiyo rundo likivuka hapo kashe inalikataa na databesi inasumbuliwa kila mara kana kwamba kashe haipo.

Ule mstari ulifikaje humo? Hadi toleo la 6.6 la Julai 2024, developa, yaani mtengenezaji wa plagini, akihifadhi setingi bila kusema chochote kuhusu autoload, ilikuwa yes moja kwa moja. Tangu 6.6, setingi mpya inayozidi KB 150 ambayo developa hakuisemea haibebwi tena, na ile sehemu ya Afya ya Saiti (Site Health) ndani ya WordPress inakuonya jumla ikivuka KB 800. Na kwa nini haikuondoka na plagini? Kwa sababu kusafisha ni kazi ya plagini yenyewe. Njia ipo tangu toleo la 2.7 la mwaka 2008, unaweka faili la uninstall.php nalo linaendeshwa plagini ikifutwa, lakini hakuna anayekulazimisha uliweke. Na hata likiwepo, ukifuta folda moja kwa moja kwenye seva, kwa FTP au kwa faili meneja ya hosti, halitaendeshwa kamwe. Nadhani simu ndizo zimetuzoesha vibaya hapa, kwenye Android ukiondoa programu, folda yake ya ndani inaondoka nayo.

Ukitaka kuangalia ya kwako, kwenye phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia databesi, andika hivi (kama jedwali lako halianzi na wp_ badilisha):

SELECT option_name, LENGTH(option_value) AS ukubwa FROM wp_options WHERE autoload IN ('yes','on','auto','auto-on') ORDER BY ukubwa DESC LIMIT 20;

Chukua bakapu kwanza, tafadhali. Na usikimbilie kufuta, geuza autoload iwe off halafu subiri, kwa sababu jina la mstari linaweza kukudanganya, kuna themu (mavazi ya saiti) zinazotumia herufi zilezile za plagini na setingi bado inahitajika. Pia usitegemee muujiza. Saiti nyingi zina KB 300 au 400 tu humo na tatizo lao liko kwingine, picha za MB 5 kwa mfano, na kwenye seva yenye nguvu hata MB 1 unaweza usiisikie.

Kwa rafiki yangu nilizima ule mstari mmoja na kurasa zikaanza kufunguka bila kusuasua, baada ya wiki mbili ndiyo nikaufuta. Katika zile plagini 24 tulizotoa, tatu alizihitaji akaziinstoli tena, na ile ya fomu ya mawasiliano ilirudi na sehemu zake zote kama alivyozipanga, hakuandika kitu upya, maana setingi zake nazo zilikuwa zimebaki palepale kwenye wp_options zikimsubiri.