Julius si jina la mtu, ni la ukoo

Akitajwa Gaius Julius Caesar, jemadari na mtawala wa Roma ya kale, hakosekani wa kueleza kwamba Julius ndilo jina alilopewa na wazazi, na Caesar, yaani Kaisari, ni cheo. Yote mawili si kweli. Jina alilopewa ni Gaius. Julius ni jina la ukoo, nomen kwa Kilatini. Caesar ni lakabu ya tawi lao ndani ya ukoo huo. Ilikuja kuwa cheo kwa watawala waliomfuata.

Sasa hilo la ukoo. Wenyewe walidai asili yao ni Iulus, mwana wa Aeneas wa Troya, na wenye nasaba ndefu hawakosi shujaa wa kujipambia. Sarufi ina faida zaidi. Kiishio -ius ni cha kivumishi, nacho hufuata jinsi ya nomino kama -zuri inavyofuata ngeli kwetu: ukoo ni gens Iulia, sheria aliyoipitisha Caesar ni lex Iulia, uwanja alioujenga Roma ni forum Iulium. Mwezi nao, mensis Iulius, uliitwa Quintilis hadi mwaka 44 KK. Ndio Julai yetu. (J haikuwapo, I hiyo ilitamkwa kama y.)

Kwa sababu hiyohiyo mwanamke wa ukoo huo ni Julia, basi. Dada zake Caesar wawili wote ni Julia, wakitofautishwa kwa Major na Minor, mkubwa na mdogo. Shangazi yake, mke wa jemadari Marius, ni Julia. Binti yake aliyeolewa na jemadari Pompeius, Julia.

Wengi hukwama kwenye kumwita mtu kwa Kilatini, maana mwisho wa jina hubadilika. Brutus akiitwa huwa Brute, basi nao huandika Iulie. Hapana: majina ya -ius huishia -i, kwa hiyo ni Iuli. Wakiwa wengi, Iulii.

Kwa Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa mwaka 1943, Julius ni jina lake mwenyewe, la ubatizo. Mrumi yule wake ni Gaius, ingawa hata hilo baba yake alikuwa nalo. Na ukilikuta limefupishwa C. usidhani mchapaji kakosea: Warumi wa kale waliandika sauti ya g kwa herufi C, na kifupisho kikabaki hivyo hata G ilipopatikana.